Barbara Lee: mbunge aliyebaki peke yake kwenye kura ya vita 2001, na alivyohusika na ARV tunazopata huku kwetu

MLETA UZI

Wakuu habari za jioni. Huu uzi ni mrefu, nitaushusha kwa vipande, atakayechangia katikati achangie tu nitamjibu nikifika.

Tangu Januari 2025 serikali ya Trump iliposimamisha misaada ya nje, humu jukwaani tumejadili sana ishu ya ARV. Kila mtu anamtaja Trump, wanaojua historia kidogo wanasema Bush ndo alianzisha PEPFAR, ule mpango wa Marekani wa kupambana na ukimwi, ni kweli, lakini sijaona hata mtu mmoja anamtaja mama mmoja mweusi wa Oakland, California, anaitwa Barbara Lee. Huyu mama kakaa kwenye Baraza la Wawakilishi la Marekani kuanzia Aprili 1998 mpaka Januari 2025, karibu miaka 27, mrengo wa kushoto kabisa, na sheria zilizoleta vidonge kwenye vituo vya CTC (kliniki za matibabu ya VVU) mpaka huko vijijini kwetu zina mkono wake. Halafu huyohuyo ndo yule aliyesema hapana peke yake siku tatu baada ya Septemba 11. Watu wengi wanamjua kwa hiyo kura tu, ile nyingine ya dawa hawaijui, na mimi naona vitu hivi viwili haviachani, nitawaonyesha kwanini.

Nianze na alikotoka. Kazaliwa El Paso, Texas, Julai 1946, enzi za ubaguzi wa wazi wazi. Amesimulia mara nyingi kwamba mama yake alipoenda kujifungua hospitali walimkatalia kwanza kwa sababu ya rangi, walipokuja kumpokea hali ilishakuwa mbaya, nusura mama na mtoto wote wafe. Baba yake alikuwa mwanajeshi, mpaka luteni kanali, hilo likumbukeni maana baadae watu walimuita msaliti wa jeshi. Familia ikahamia California, akasoma sekondari San Fernando, shule ambayo ilikuwa haijawahi kuwa na msichana mweusi kwenye kile kikundi cha kushangilia timu, akaenda kwa watu wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, wakamsaidia kupambana mpaka akaingia. Kitu kidogo ukikiangalia, ila kwa binti wa sekondari wa wakati ule sio kidogo.

Chuo kasoma Mills College hukohuko Oakland akiwa na watoto wawili wa kiume anawalea mwenyewe, anaishi kwa msaada wa serikali, siku nyingine anaingia nao darasani. Alikuwa kiongozi wa wanafunzi weusi wakamwalika Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza kuingia bunge la Marekani, ambae mwaka 1972 alikuwa anagombea urais. Sasa Barbara alikuwa na somo la siasa linalomtaka afanye kazi kwenye kampeni ya mgombea mmojawapo, na yeye alikuwa ameshakataa, hao wagombea wote haoni anayemfaa, hata kujiandikisha kupiga kura hajajiandikisha. Chisholm akamwambia kama unataka kubadilisha kitu jiandikishe kwanza. Akajiandikisha, akafanya kampeni, akaenda mpaka mkutano mkuu wa chama Miami kama mjumbe wa Chisholm. Pia alijitolea kwenye shughuli za Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, pale Oakland na mwaka 1973 kwenye kampeni ya Bobby Seale ya umeya. Kwahiyo huyu mama hakuanzia ofisini wala kwenye ukoo wa wanasiasa, kaanzia mtaani.

MDAU (Arusha)

Endelea mkuu, tupo. Ila sema mapema, huyu ni chama gani?

MLETA UZI

Democrat mkuu. Na sio Democrat wa katikati, ni wale wa mwisho kabisa kushoto.

Kipande cha pili. Baada ya chuo akaenda Washington kufanya kazi ofisini kwa Ron Dellums, mbunge wa Oakland. Wazee humu wanaweza kumkumbuka Dellums. Tangu mwaka 1972 alikuwa anapeleka bungeni miswada ya kuiwekea Afrika Kusini vikwazo, inakataliwa, anarudisha, inakataliwa, anarudisha. Mwaka 1986 ikapita, Reagan akaiwekea veto, bunge likaipindua veto ya rais. Mama Lee alikuwa kwenye ofisi hiyo miaka yote hiyo ya katikati mpaka akawa mkuu wa watumishi wake. Mnaelewa alichojifunza pale? Kwamba mswada unaweza kukataliwa miaka 14 na bado ukapita. Ukiangalia kazi yake yote ya baadae utaona hicho kitu kinajirudia.

Akaingia bunge la jimbo la California mwaka 1990, akakaa mpaka 1998, Dellums akastaafu katikati ya muhula, ukafanyika uchaguzi mdogo, mama akashinda. Hiyo ni Aprili 1998. Miezi minne baadae, tarehe 7 Agosti, Ijumaa asubuhi, mabomu yakalipuka Nairobi na Dar kwa wakati mmoja. Nairobi walikufa watu 213, jengo la Ufundi House lilishuka chini lote, wengi waliokufa ni watu waliokuwa kazini kwao tu hawajui hata balozi anaitwa nani. Dar walikufa 11. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu waliofanya ule unyama ni Al-Qaeda walewale wa Septemba 11.

Sasa twende kwenye siku yenyewe, 14 Septemba 2001. Minara imeanguka Jumanne, hii ni Ijumaa. Mchana viongozi wote wako kwenye ibada ya maombolezo kanisa kuu la Washington, usiku kuna kura ya kumpa Bush ruhusa ya kutumia jeshi. Mama anasema mpaka anaingia kanisani alikuwa hajaamua. Mle ndani mchungaji, Nathan Baxter, akaomba kwamba tunapochukua hatua tusije tukageuka kuwa uovu uleule tunaoulaani. Anasema hapo ndo akajua kura yake. Usiku akasimama bungeni, sauti inatetemeka kabisa, video ipo mtandaoni katafuteni, analia, anasema hata kama kura hii ni ngumu lazima wawepo watu wa kusema tujizuie kwanza, na akamaliza na yale maneno ya mchungaji.

Matokeo: Baraza la Wawakilishi 420 kwa 1. Seneti 98 kwa 0. Yani kwenye bunge zima la Marekani, mabunge yote mawili, mtu mmoja.

Kilichofuata vitisho vya kuuawa vikawa vingi mpaka akapewa polisi wa kumlinda saa 24. Simu za ofisini zikazidiwa. Msaliti, gaidi, komunisti, kila jina. Halafu 2002 kwenye uchaguzi watu wa jimbo lake wakamrudisha kwa zaidi ya asilimia 80.

MDAU (Nairobi)

Boss mimi sikubaliani na wewe hapa. Mjomba wangu alikuwa town siku ile ya 98, aliumia macho, mpaka leo haoni vizuri. Wale watu walihitaji kufuatwa. Sasa mbunge anasema eti tujizuie, tujizuie nini? Angekuwa na mtu wake Ufundi House angesema hivyo?

MLETA UZI

Pole sana ndugu yangu, na mjomba apewe pole. Swali lako ni halali kabisa na sio wewe wa kwanza kuliuliza, hata kwake Oakland walikuwepo waliomuuliza hivyohivyo.

Ila angalia alichokataa. Hakusema waachwe. Alichokataa ni maandishi ya ile ruhusa. Ni maneno 60 tu ya Kiingereza, yanampa rais mamlaka ya kupiga nchi yoyote, kundi lolote au mtu yeyote ambae rais mwenyewe ataamua kwamba alihusika au alisaidia mashambulizi. Haina nchi, haina mpaka, haina tarehe ya mwisho. Yeye akasema hii ni hundi imesainiwa bila kuandikwa kiasi. Bunge ndo lenye kazi ya kutangaza vita kwa katiba yao, sasa linampa rais kazi hiyo moja kwa moja.

Na kilichotokea ndo hichohicho. Maneno 60 yale yalitumika Afghanistan, yakatumika kuhalalisha gereza la Guantánamo, yakatumika Yemen, Libya, Syria, na hapa jirani Somalia. Al-Shabaab mwaka 2001 hata haikuwepo, lakini mwaka 2016 serikali ya Obama ikawaingiza kwenye ruhusa ileile kama washirika wa Al-Qaeda. Mimi sina huruma hata chembe na Al-Shabaab, nyie Wakenya mmeumia Westgate, mmeumia Garissa. Ninachosema ni kwamba mbunge wa Marekani aliyepiga kura ya ndio 2001 kwa ajili ya watu waliolipua New York, alikuwa anapiga kura ya droni Somalia miaka 15 mbele bila kujua, na hakuna aliyerudi kumuuliza tena. Mama Lee aliliona hilo siku ya kwanza. Afghanistan wameondoka Agosti 2021, Taliban karudi ikulu, na ile ruhusa ya 2001 haikufutwa.

Sio kwamba alikaa akasubiri. Kila bunge alirudisha mswada wa kuifuta, staili ya Dellums ileile. Mwaka 2002 kwenye Iraq alileta marekebisho kwamba kwanza Marekani ipitie Umoja wa Mataifa na wakaguzi wa silaha, akapata kura 72 dhidi ya 355. Lakini ruhusa ya Iraq yenyewe ilipopigiwa kura, wabunge 133 walisema hapana. Toka mmoja mpaka 133 ndani ya mwaka mmoja na kidogo. Mwaka 2017 kamati ya bajeti ikapitisha kipengele chake cha kufuta ya 2001, hata Warepublican waliokuwa wanajeshi zamani wakamuunga mkono, watu wakapiga makofi mle kamatini, halafu spika na wenzake wakakiondoa kimyakimya kabla hakijafika bungeni. Ile ilikuwa dharau. Juni 2021 Baraza likapitisha mswada wake wa kufuta ruhusa ya Iraq ya 2002, kura 268 kwa 161. Miaka 20 hiyo.

MDAU (Nairobi)

Sawa boss, nimekuelewa kuhusu hayo maneno 60. Bado nina uchungu lakini nimekuelewa.

MLETA UZI

Shukrani ndugu. Tuje kwenye ARV, hapa ndo moyo wa uzi.

Vijana wa 2000 hamuwezi kujua miaka ile ilikuwaje. Mimi nimekulia Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza Tanzania waligundulika 1983, watu walikuwa wanaita ugonjwa wa Juliana kwa jina la zile nguo zilizokuwa zinavuka mpaka. Mtaani kwetu kulikuwa na nyumba ambazo baba kaenda, mama kaenda, bibi anabaki na wajukuu watano. Unasikia mtu amekonda, watu wanaanza kuhesabu miezi, na kila Jumamosi ni msiba, seremala wa majeneza hapumziki. Dawa zilikuwepo duniani tangu 1996, ila za Ulaya na Marekani. Bei ilikuwa zaidi ya dola elfu kumi kwa mtu mmoja kwa mwaka. Bush kwenye hotuba yake ya Januari 2003 alisema Afrika nzima ina watu karibu milioni 30 wenye virusi na wanaopata dawa ni elfu 50 tu. Elfu hamsini! Huo ni uwanja wa Mkapa haujajaa.

Miaka ile wakubwa wengi Washington walikuwa wanasema Waafrika hawawezi kutumia ARV, hawana saa za kuwakumbusha, hawana hospitali, tuwape elimu tu. Dellums baada ya kustaafu akaanza kampeni kwamba Afrika inahitaji mpango mkubwa kama ule uliojenga Ulaya baada ya vita vya pili. Mama Lee, mbunge mgeni kabisa, akauchukua akauandikia mswada 1999. Chama chake hakikuwa na wingi bungeni. Sasa akafanyaje? Alikuwa kwenye kamati ya mabenki, mwenyekiti wa kamati ni Jim Leach, Republican wa Iowa, mtu wa jimbo la mahindi. Akamfuata. Wakaandika upya pamoja, wakaugeuza kuwa mfuko wa ukimwi chini ya Benki ya Dunia ili upite kamati yao. Clinton akasaini Agosti 2000. Ule ndo ulitengeneza njia ya mfuko wa dunia (Global Fund), huu tunaouona mpaka leo unalipia dawa, kifua kikuu na vyandarua.

Halafu 2003, PEPFAR yenyewe. Bush katangaza dola bilioni 15 kwa miaka mitano, ila hotuba sio sheria, lazima watu wakae waandike. Waliobeba ule mswada ni Henry Hyde wa Illinois, Republican, na Tom Lantos wa California, Democrat, na mama Lee alikuwa miongoni mwa waandishi wake wakuu. Huyu Henry Hyde ni nani? Ndo mwenye ile Hyde Amendment ya 1976 inayokataza hela ya serikali kulipia utoaji mimba, sheria ambayo Barbara Lee amepigana nayo maisha yake yote. Watu wawili hawakubaliani karibu kitu chochote. Na huyu rais Bush ndo yule aliyemkatalia vita mara mbili. Mei 2003, vita vya Iraq ndo kwanza vimepiganwa, mama bado anaitwa msaliti, na yuko mezani na watu hawahawa wanapanga vidonge vya watu wa Bukoba, Kisumu na Masaka. Baraza likapitisha 375 kwa 41. Kwenye nchi 14 za mwanzo tulikuwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Msumbiji.

Tanzania mpango wa matibabu ukaanza 2004, ARV bure. Mtaani kwetu kuna mama mmoja alikuwa analetwa CTC kwa baiskeli, amefungwa kitenge kwa nyuma asidondoke. Leo ana duka la nafaka, ana wajukuu, anabishana bei na wewe mpaka unachoka. Serikali ya Marekani yenyewe kabla ya 2025 ilikuwa inasema mpango umeokoa watu milioni 25. Mimi hesabu yangu ni yule mama.

MDAU (Dodoma)

Mkuu uzi mzuri ila usitufiche. Hawa waliberali ndo wanaosukuma utoaji mimba na ushoga Afrika. Huyo mama yako msimamo wake ukoje? Sema ukweli.

MLETA UZI

Sifichi mkuu. Anaunga mkono haki ya kutoa mimba moja kwa moja, na haki za mashoga pia, hajawahi kuzunguka zunguka. Mwaka 2021 mbele ya kamati ya bunge alisimulia kwamba akiwa na miaka 16, kabla haijaruhusiwa Marekani, rafiki wa mama yake alimpeleka Mexico akatolewe mimba kwenye kliniki ya uchochoroni, na kwamba wasichana weusi wengi wa umri wake walikufa kwa njia hiyohiyo. Mimi dini yangu hainiruhusu kukubaliana nae kwenye hili na sikubaliani. Ila alilisema mwenyewe, hadharani, akiwa na miaka 75, hakutafuta huruma.

Lakini elewa PEPFAR ilikuwa na nini ndani. Wahafidhina walifanikiwa kuingiza sharti kwamba theluthi moja ya hela ya kinga iende kwenye mafundisho ya kusubiri mpaka ndoa. Mama alipiga kura ya ndio juu ya sheria yenye sharti hilo ambalo hakulitaka, kwa sababu bila hivyo isingepita. Halafu akaanza kulipiga vita. Hoja yake ilikuwa nzito: mwanamke mwaminifu aliyeolewa anaambukizwa na mumewe, sasa unamfundisha asubiri ndoa, kashaingia tayari. Mama zetu Kagera waliambukizwa ndani ya ndoa, hilo sihitaji mtu kuniambia. Mwaka 2008 sheria ikaongezwa mpaka dola bilioni 48, ikapewa majina ya Lantos na Hyde maana wote wawili walishafariki, na lile sharti la theluthi likalegezwa.

Kitu kingine ambacho wengi hawajui. Kabla ya hapo mtu mwenye VVU alikuwa haruhusiwi kuingia Marekani kama mgeni wa kawaida. Ukiwa na vidonge kwenye begi unaogopa uwanja wa ndege. Lee alikuwa mmoja wa waliopigania kuondoa, ikatoka kwenye sheria 2008, kanuni zikafutwa kabisa Januari 2010, na ndo maana mkutano wa dunia wa ukimwi ukaweza kurudi Marekani 2012, Washington. Watu wa huku wenye VVU waliingia na vidonge vyao kwenye mabegi.

MDAU (Mombasa)

Kaka mimi nauliza, ilikuwaje asifukuzwe chama baada ya ile kura? Huku mbunge akienda kinyume na chama anaitwa kwenye kamati ya nidhamu kesho yake.

MLETA UZI

Hapo umegusa penyewe. Kule chama hakina uwezo wa kumvua mtu ubunge. Jina lake kwenye karatasi ya kura linatoka kwa wapiga kura wa jimbo kwenye kura za awali, sio kwa katibu mkuu. Kwahiyo alikuwa anawaogopa watu wa Oakland na Berkeley tu, na wale ni watu wa kushoto kuliko hata yeye. Kwetu Tanzania ibara ya 71 ya katiba iko wazi, ukikoma kuwa mwanachama wa chama kilichokupeleka, ubunge umeisha. Sasa mbunge gani atasimama peke yake 1 kwa 420 na mkopo wa gari haujaisha? Sio kwamba wabunge wetu ni waoga wote, wapo wenye roho ngumu, ila sheria imewekwa ili wasijaribu. Nalisema kwa uchungu kwa sababu ni kitu kinachoweza kubadilishwa.

Ila tusifanye kama hakulipa bei. Ndani ya chama chake alikwama. Aliongoza kundi la wabunge weusi 2009 mpaka 2011, sawa, lakini 2018 aligombea uenyekiti wa wabunge wote wa Democrat akashindwa na Hakeem Jeffries, 123 kwa 113. Jeffries leo ndo kiongozi wao. Kura kumi zimemtenganisha na ngazi ile.

MDAU (Arusha)

Misimamo yake mingine ya uchumi ikoje, maana mpaka sasa ni vita na dawa tu

MLETA UZI

Kwa haraka mkuu. Bajeti ya jeshi anataka ikatwe, mwaka 2020 yeye na Mark Pocan walileta pendekezo la kupunguza asilimia 10, wakapata kura 93 dhidi ya 324. Cuba alitaka vikwazo viondolewe tangu zamani. Bangi alitaka iruhusiwe. Darfur alipeleka mswada wa kuzuia hela za Wamarekani kuwekezwa kwenye kampuni zinazoinufaisha serikali ya Sudan, dawa ileile ya Dellums kwa makaburu, na sheria ya namna hiyo ikasainiwa 2007. Gaza alikuwa kati ya wa kwanza kusema mapigano yasimame, Oktoba 2023, wakati wenzake wamenyamaza.

Lililomponza ni mshahara. Mwaka 2024 akagombea useneta, kiti alichoacha Dianne Feinstein aliyefariki Septemba 2023. Kwenye mdahalo akasema kima cha chini kiwe dola 50 kwa saa. Wa kitaifa ni dola 7.25. Akajieleza kwamba kwa kodi za nyumba za kule San Francisco hata hiyo haitoshi familia, lakini watu walishacheka. Mimi naona alikosea namna ya kulisema, hesabu za gharama za maisha zipo ila ukimtajia mwenye mgahawa mdogo dola 50 anafunga masikio. Machi akashika nafasi ya nne, Adam Schiff akapita. Na kwa kuwa alishaacha kugombea kiti chake cha ubunge, safari ikaishia hapo.

MDAU (Oakland, California)

Salaam ndugu zangu, mimi Mtanzania niko Oakland miaka mingi. Niwaambie kitu msije mkamtukuza mpaka mkapitiliza. Miaka 27 alikuwa mbunge wetu, na mji huu umechoka. Timu zote tatu kubwa za michezo zimeondoka, Warriors wamevuka daraja kwenda San Francisco 2019, Raiders wameenda Las Vegas, A's wameondoka 2024. Watu wanalala kwenye mahema chini ya barabara za juu. Gari langu limevunjwa kioo mara kadhaa. Na bado nilimpigia kura ya umeya 2025! Meya wa kabla yake aliondolewa na wananchi kwa kura Novemba 2024, ukafanyika uchaguzi Aprili, mwanzo wa kuhesabu Loren Taylor alikuwa mbele yake, mama akampita baadae. Nilimpigia kwa sababu nimemuona mkutanoni anasikiliza bibi mmoja anayelalamikia taka mtaani kwake, anaandika mwenyewe kwenye kijitabu, hajamuachia msaidizi. Ila safari hii tunamdai vitu vya karibu, sio Iraq.

MLETA UZI

Asante sana dada au kaka wa Oakland, huu ndo mchango. Na una haki kumdai. Mbunge wa kitaifa unaweza kumwambia taka sio kazi yake, meya huwezi. Kaingia Mei 2025, mji una upungufu mkubwa wa bajeti, na kipindi chenyewe kifupi, anamalizia cha mwenzake tu.

Mimi kinachoniumiza ni mpangilio wa tarehe. Muongo mzima wa mwisho alikuwa kwenye kamati ya bajeti, na 2021 mpaka 2023 ndo alikuwa mwenyekiti wa kamati ndogo inayogawa hela za misaada ya nje, yani kalamu yenyewe iko mkononi kwake. PEPFAR kila miaka mitano ilikuwa inaongezwa bila kelele, 2023 wakaanza kugombania utoaji mimba, ikaongezwa mwaka mmoja tu, mpaka Machi 2025. Yeye kaondoka bungeni tarehe 3 Januari 2025. Tarehe 20 Trump anaapishwa anasaini kusimamisha misaada. Siku zilizofuata kwenye baadhi ya vituo wahudumu waliambiwa wasije kazini, watu wanafika na kadi zao za CTC wanakuta mlango umefungwa, baadae ndo ikaja ruhusa ya muda kwa dawa za kuokoa maisha. Kiti chake kakichukua Lateefah Simon, ila mbunge mgeni huwezi kumpa kazi ya mtu wa miaka 27.

MDAU (Dodoma)

Sasa mkuu tufanyeje, tusubiri wapate Barbara Lee mwingine huko kwao?

MLETA UZI

Hapana mkuu. Aprili 2001 marais wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi kila nchi itaweka asilimia 15 ya bajeti kwenye afya. Nchi nyingi hazijafika. Uko Dodoma, bunge la bajeti likianza kaa kwenye jukwaa la wageni, omba kitabu cha makadirio cha wizara ya afya, tafuta mstari wa ARV, angalia hela ya ndani ni kiasi gani na ya wahisani ni kiasi gani, halafu mpigie mbunge wako umuulize hiyo tofauti nani anailipa. Mimi wa kwangu nimeshamwandikia meseji, kaisoma, hajajibu. Kesho nampigia simu.

MDAU (Dodoma)

Sawa. Hicho kitabu kinapatikana wapi, kwenye tovuti ya wizara au ya bunge?

MLETA UZI

Anza na ya wizara ya fedha, vitabu vya bajeti huwa wanaweka pale. Ukikwama njoo uniquote hapahapa.